Siku 5 za kujifunza kuamua: tathmini ya kozi fupi ya uongozi wa biashara

Mwaka jana nilichukua shehena ya mabati kwa mali kauli, yaani unapokea mzigo leo na kumlipa msambazaji baadaye, nikiwa na hakika kwamba bei ingepanda mara tu mvua za masika zitakapokwisha na watu kuanza kuezeka. Bei haikupanda. Mabati yalilala stoo miezi 5, na fedha ya kuyalipia ikabidi niitoe kwenye rangi, misumari na vitasa, yaani bidhaa ambazo ndizo hasa zinazolilisha duka langu. Mume wangu alisema ni bahati mbaya. Mhasibu wangu, kijana mwenye adabu nyingi, hakusema kitu, na ukimya wake ulinisumbua kuliko hasara yenyewe, kwa sababu nilihisi kwamba alikuwa ameliona jambo lile mapema na hakupata mlango wa kuniambia. Hivyo ndivyo nilivyojikuta nimelipa shilingi 650,000 kuhudhuria kozi ya siku 5 kuhusu uongozi na ufanyaji wa maamuzi ya biashara, hapa Dar es Salaam, katika ukumbi mmoja wa Mikocheni.

Nimesubiri miezi 3 kabla ya kuandika tathmini hii, kwa makusudi, maana tathmini inayoandikwa siku ya kupokea cheti hupima zaidi wali wa mchana na ucheshi wa mwezeshaji. Jina la taasisi sitalitaja. Kozi za namna hii ni nyingi na mitaala yake inakaribiana, kwa hiyo msomaji anayefikiria kulipia yoyote kati yake ataweza kuyatumia haya kuuliza maswali kabla hajatoa fedha yake.

Siku ya kwanza ningeifuta yote. Tulijaza dodoso refu la kututambulisha kila mmoja ni kiongozi wa mnyama gani: mimi nikatoka tembo, bwana mmoja mwenye mabasi kutoka Morogoro akatoka simba, na mzee aliyekuwa mwenyekiti wa SACCOS akatoka kobe, akacheka mpaka akatoa leso. Ilikuwa burudani, na pengine ilisaidia watu 24 wasiofahamiana kuzoeana, lakini mpaka tunaondoka saa kumi jioni hakuna aliyekuwa amejifunza namna ya kuamua kama anunue au asinunue, aajiri au asiajiri. Tembo na simba wote huweza kuchukua mabati wasiyoyahitaji.

Siku ya pili ndipo mjadala ulipoanza, na ulianza kwa kosa. Mwezeshaji kijana, mwenye ulimi mwepesi na picha nzuri za kuonyesha ukutani, alituletea kisa cha M-Pesa kama hadithi ya uthubutu: kwamba mwezi Machi 2007 Safaricom, chini ya mkurugenzi wake mkuu Michael Joseph, ilithubutu pale ambapo mabenki yaliogopa, na kabla mwaka wa kwanza haujaisha wateja wakawa wamezidi milioni 1. Yote hayo ni kweli. Ila ukikieleza kisa hicho kuanzia mwisho, kila kilichofanyika kinaonekana busara, na msikilizaji anarudi dukani akiamini kwamba kinachomkwamisha ni woga.

Kilichoachwa ndicho kilichokuwa na mafunzo. Miaka 2 kabla ya uzinduzi, mwaka 2005, huduma ile ilijaribiwa kwa wateja wachache, Thika ikiwa miongoni mwa maeneo ya majaribio, na nia yake haikuwa watu kutumiana fedha. Vodafone, kampuni ya Uingereza yenye hisa katika Safaricom, kwa msaada wa fedha za serikali ya nchi hiyo ilikuwa imekusudia kurahisisha ulipaji wa mikopo midogo, na mshirika wake katika majaribio alikuwa Faulu Kenya. Mkopeshaji huyo akapata taabu isiyotarajiwa: wanachama walianza kulipa kwa simu bila kuhudhuria mikutano ya vikundi, ilhali mikutano ndiyo iliyokuwa nguzo ya mkopo wa kikundi, na kuoanisha hesabu za simu na hesabu za mkopeshaji kukawa kazi ngumu. Wakati huohuo watumiaji walikuwa wakiitumia huduma kwa mambo ambayo hakuna aliyewafundisha, kama kumtumia ndugu fedha au kuziweka tu simuni ili wasisafiri nazo mfukoni. Wasimamizi waliacha kusudio la kwanza wakafuata kile ambacho watu walikuwa wakikifanya, wakaitangaza huduma kwa wito wa kutuma pesa nyumbani. Pia walikuwa wamezungumza na Benki Kuu ya Kenya kabla ya kuzindua, na fedha za wateja ziliwekwa benki katika akaunti ya amana, zikitunzwa kwa niaba yao. Kwa maoni yangu busara ya uongozi imo humo: jaribio dogo ambalo likishindwa halimuui mtu, macho yanayotazama mteja anafanya nini, na ujasiri wa kukiri kwamba tulichokibuni sicho kinachotakiwa. Uthubutu wa Machi 2007 ulikuwa umeshalipiwa nauli na majaribio ya 2005.

Niliyasema haya kwa ufupi, kwa sababu nilikuwa nimeyasoma nilipokuwa wakala miaka ya nyuma. Lakini aliyeuliza swali lenye uzito zaidi alikuwa dada mmoja mfamasia aliyewahi kuishi Afrika Kusini: kama siri ni uthubutu, mbona huduma hiyohiyo ilianguka kule? Mwezeshaji hakuwa na jibu, na ninampa haki yake hapa, hakujifanya analo. Kesho yake asubuhi alikuja na maelezo. Vodacom iliizindua M-Pesa Afrika Kusini mwaka 2010 pamoja na benki ya Nedbank, ikiwa na lengo la wateja milioni 10 ndani ya miaka 3, na mwaka 2016 ikaifunga huku wateja wanaoitumia kwa kweli wakiwa takriban 76,000. Jina lilikuwa lilelile, na safari hii wasimamizi walikuwa na mfano uliofaulu wa kuiga. Tofauti ilikuwa kwa mteja, kwa kuwa sehemu kubwa zaidi ya watu wa kule tayari walikuwa na akaunti za benki na njia nyingine za kutuma fedha, na huduma haikuwa ikiwaondolea adha kubwa. Hata hapa kwetu, ambako Vodacom iliianza mwaka 2008, mwendo wa mwanzo ulikuwa wa polepole kuliko wa Kenya mpaka mtandao wa mawakala ulipopangwa vizuri. Kuviweka visa hivyo 3 ubavuni kwa ubavu kulitufunza zaidi ya picha zote za siku iliyotangulia, na ningependa taasisi ianze hivyo badala ya kusubiri mwanafunzi aulize.

Siku ya tatu ndiyo iliyonirudishia ada yangu. Alikuja mwezeshaji mwingine, mzee aliyestaafu benki baada ya kufanya kazi miaka mingi katika idara ya mikopo, ambaye hakuwa na picha hata moja. Aliandika ubaoni neno moja, Nakumatt, kisha akauliza: mali kauli ni fedha ya nani?

Wengi wetu tuliikumbuka Nakumatt, duka kubwa la Kenya lililoanzia kwenye biashara ya magodoro Nakuru na kufikia matawi zaidi ya 60 katika nchi 4, zikiwemo Uganda na Rwanda. Huku kwetu ilijitanua kwa kishindo mwaka 2014 ilipoyachukua maduka ya Shoprite, likiwemo lile la Mlimani City. Mwaka 2017 rafu zake zilikuwa zikibaki wazi kwa sababu wasambazaji walikuwa wamechoka kudai, Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi wa kuteuliwa na mahakama, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifilisiwe, madeni yakiwa yanatajwa kuwa karibu shilingi za Kenya bilioni 30.

Mzee hakutuuliza nani alikosea. Alituambia tuchukue duka la kubuni linalouza bidhaa za shilingi milioni 90 kwa mwezi, linalonunua za milioni 75, na linalowalipa wasambazaji baada ya siku 60. Duka hilo, alisema, wakati wowote lina milioni 150 za watu wengine. Mteja analipa leo, msambazaji analipwa baada ya miezi 2, na katikati mwenye duka anaiona akaunti yake imenona. Kisha akatuuliza: akizitoa milioni 150 akajenga tawi, kitatokea nini iwapo mauzo ya duka la kwanza yatashuka kwa asilimia 20? Tulipiga hesabu kwa simu zetu. Mauzo yanakuwa milioni 72. Deni linaloiva mwezi huo ni la manunuzi ya miezi 2 iliyopita, yaani milioni 75 kamili, kwa sababu deni halijui kwamba mauzo yameshuka. Kabla hujalipa mshahara hata mmoja wala kodi ya pango, umeshapungukiwa na milioni 3, na fedha ambayo ingekuokoa imekwisha kugeuka zege na vigae katika tawi jipya. Kwa hiyo unachelewesha malipo, msambazaji naye anakupunguzia mzigo, rafu zinapungua, mauzo yanashuka tena.

Ukumbi ulikuwa kimya. Nadhani kila mfanyabiashara aliyekuwemo alikuwa akihesabu ya kwake kichwani, na mimi nilikuwa nikiyaona mabati yangu. Kumbe sikuwa nimekosea bei tu. Nilikuwa nimecheza na fedha ya msambazaji kana kwamba ni mtaji wangu, na hata kama bei ingepanda nikapata faida, uamuzi ungekuwa uleule mbovu ulioangukia kwenye bahati. Mzee alisisitiza jambo hili mara kadhaa: uamuzi upimwe kwa yale yaliyojulikana siku ulipofanywa. Alipotuuliza ni tawi la ngapi ambalo Nakumatt ingepaswa kusimama, kila kundi lilitoa jibu lake, naye akakataa kutupa la kwake, akisema kwamba waliokuwa ndani mwaka 2014 waliona soko jipya la Tanzania likiuzwa na mpinzani anayeondoka, na mtu asijidanganye kwamba angelikataa kirahisi.

Siku ya nne ilikuwa ya vitendo, na vifaa 2 tulivyopewa ndivyo ninavyovitumia mpaka leo. Cha kwanza ni karatasi ya uamuzi, ukurasa mmoja ambao unaandika unachoamua, unachokijua kwa ushahidi, unachokiamini bila ushahidi, kitakachokufanya ubadili mawazo, na tarehe ya kuurudia uamuzi huo. Niliijaza kwa ajili ya mabati, ingawa maji yalikuwa yameshamwagika, nikagundua kwamba sehemu ya ushahidi ilikuwa tupu. Imani yangu kwamba bei ingepanda niliitoa kwa dalali mmoja na kwa jirani yangu wa duka, ambaye naye alikuwa na mabati ya kuuza.

Kifaa cha pili mzee wa benki alikiita kuandika tanzia. Ni mbinu iliyoenezwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Gary Klein: kabla ya kutekeleza uamuzi, kikundi kinaambiwa kwamba mwaka umepita na mpango umekufa, kila mtu aandike peke yake umekufa kwa ugonjwa gani. Bwana wa mabasi alijitolea. Alikuwa akitaka kukopa anunue mabasi 2 zaidi ya kwenda Dar es Salaam kutoka Morogoro. Tulikuwa 9 katika kundi, na 7 tuliandika neno lilelile: treni. Treni ya umeme ilikuwa imeanza safari za Dar es Salaam na Morogoro tangu Juni 2024, na kwa mshangao wetu yeye mwenyewe alikuwa ameipanda mara kadhaa. Alijitetea kwamba stesheni iko mbali na mji na abiria wengi hupenda kushushwa karibu na kwao, hoja ambayo ina ukweli ndani yake, lakini alipoulizwa kama angeweka dhamana nyumba yake juu ya hoja hiyo, alikaa kimya, kisha akafuta neno Dar es Salaam katika karatasi yake akaandika Ifakara.

Siku ya tano ilikuwa na marudio, mtihani mwepesi na vyeti, sina la kuongeza.

Sasa niseme pale ambapo kozi inapwaya. Makabrasha yake yameandikwa kwa Kiingereza na yamekusudiwa kampuni yenye bodi, idara na meneja rasilimali watu, ilhali zaidi ya nusu yetu tulikuwa wenye biashara za familia. Kwa mfano, kuna somo linalogawa maamuzi katika mafungu mawili, yale unayoweza kuyarudisha nyuma na yale yasiyorudi, wazo ambalo Jeff Bezos wa Amazon amelieleza katika barua yake kwa wanahisa. Ni mgawanyo mzuri: yanayorudishika yafanywe haraka, yasiyorudishika yapimwe taratibu. Lakini makabrasha yanaweka kuajiri mfanyakazi katika fungu la kwanza, kwa kuwa kuna kipindi cha majaribio na mkataba unaweza kuvunjwa. Aliyeandika hivyo hakuwahi kumwajiri mtoto wa dada yake. Mimi nimewahi, na ninaweza kuthibitisha kwamba kuvunja mkataba wa pango ni rahisi zaidi, maana mwenye nyumba hakai nawe meza moja siku ya Idi. Mzee wa SACCOS naye alilalamika kwamba hakuna lililosemwa kuhusu maamuzi ya kamati, ambako kila mjumbe anajua mkopo fulani ni mbaya lakini mwombaji ni shemeji wa mjumbe mwenzao.

Upungufu mkubwa zaidi uko katika somo la kuwasikiliza walio chini yako. Lilipewa dakika zisizozidi 20, na muhtasari wake ulikuwa kwamba kiongozi ajenge mazingira ambamo wafanyakazi wanaweza kumpinga. Naam, lakini kwa njia gani? Kijana wa miaka 24 aliyefundishwa tangu utotoni kutobishana na mkubwa hawezi kuniambia “Mama, hapa umekosea” kwa sababu tu nimebandika tangazo ukutani kwamba maoni yanakaribishwa. Mzee wa benki alitupa dokezo moja wakati wa chai, nje ya ratiba, kwamba katika kikao mdogo aanze kusema na bosi amalize. Nimelijaribu, linasaidia kidogo. Kura za siri hazikufaa kabisa, kwa kuwa duka langu lina wafanyakazi 11 na ninaujua mwandiko wa kila mmoja.

Kuhusu mengineyo: watu 24 ni wengi mno kwa mafunzo ya mjadala, na 15 wangetosha. Chakula kilikuwa kizuri, kiyoyozi kilikuwa kikali. Tuliahidiwa kupigiwa simu baada ya mwezi mmoja ili tueleze tumefika wapi, na simu hiyo haijapigwa. Kwa aliye na duka moja na anayefikiria la pili, au anayenunua kwa mali kauli bila kujua kwa siku yoyote ana kiasi gani cha fedha za watu, ada hiyo inalipa, mradi ahakikishe kwamba mzee wa benki yumo katika ratiba. Kwa meneja aliyeajiriwa, ambaye bodi yake tayari inamdai taarifa za maandishi, nadhani siku ya tatu na ya nne zingemtosha, na taasisi ingefanya vyema kuziuza peke yake.

Mwezi uliopita nilipata fremu Chanika, kwa kodi inayovutia, na mwenye nyumba alinitaka nitoe jibu ndani ya wiki moja. Nilijaza karatasi yangu ya uamuzi, kisha nikamwita mhasibu. Sikumuuliza kama anakubali, kwa maana jibu la swali hilo ninalijua. Nilimwambia kwamba duka la Chanika limekufa mwakani na yeye ndiye anayeandika tanzia. Aliniomba apeleke karatasi nyumbani. Asubuhi alileta nusu ukurasa, kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka: marehemu alikosa mtu wa kumsimamia kwa kuwa Mama alikuwa huku; mzigo wake ulinunuliwa kwa fedha za wasambazaji wa rangi; na hapakuwa na gari la kupeleka saruji kwa wateja wakati wa mvua. Alinikabidhi akiwa amesimama, akaniuliza kama kuna lolote lingine, Mama, kisha akarudi kwenye meza yake.

Sikuipangisha fremu ile. Karatasi zote 2 ziko katika faili moja, na tarehe ya kuurudia uamuzi ni tarehe 15 Januari.